Podo ya Mulimani

Kalemie, tarehe 4/5/2024

Papa mupendwa,
Nakusalimia sana toka huku kwa masista. Mugongo wako unaendeleaje na baridi ya Kirungu? Mimi mwili ni muzima, ila roho, Papa, roho hapana. Siye wanovisi, wanafunzi wa usista, tutaweka nadhiri tarehe mbili ya mwezi wa sita. Nikifikiria ile siku, natafuta njia ya kutoka. Huku ni ukuta, na juu ya ukuta chupa zilizovunjika. Niliingia kwa sababu ulitaka. Sasa nataka kurudi nyumbani. Uniruhusu, maana siwezi kurudi bila neno lako.
Mutoto wako, Reine

Kirungu, 12/5/2024

Reine mutoto wangu,
Salamu. Mugongo unauma, uzee njo huo, lakini barua yako imeniuma zaidi. Loo! Kijiji kizima kinaniita Papa wa Sista, hata Télesphore mupasua mbao ananivulia kofia! Ile podo yetu ya mulimani, ule muti murefu, imebaki moja tu, watu wanatoka mbali kuiangalia. Yale maua ya manjano ya kando ya njia, nani anayaangalia? Mbuzi! Wasichana wa kuolewa na kulima wako wengi kama yale maua. Wewe ni podo. Vumilia.
Papa yako

Kalemie, 19/5/2024

Papa,
Pole na mugongo. Sikubishii, nauliza tu. Si wewe ulinifundisha kama podo iko ya kiume na ya kike, na moja peke yake haizai? Ya kike Télesphore alishaipasua mbao. Hii iliyobaki inangojea nani? Watu wanaiangalia, halafu wanarudi kwao. Nilikata kijiti cha yale maua yako ya mbuzi, hata huku yanaota, nikakichomeka katika kopo la maziwa, dirishani. Kimeshatoa majani. Nikikitazama ninalia. Unijibu mbio.
Reine

Kirungu, 26/5/2024

Reine,
Afya iko? Barua yako ilinikasirisha, chakula kikanishinda. Halafu nikapanda mulimani. Nimetafuta chini ya podo hata muche mumoja, hakuna. Nikakaa pale nikalia, muzee muzima mimi. Rudi, mama. Waniite wanavyotaka. Nimechimba shimo karibu na mulango, kuja na kile kijiti.
Papa yako

Kalemie, 5/6/2024

Papa wangu,
Mugongo umepoa? Ziwa lilichafuka, boti ya kuleta barua ikalala Moba juma zima. Barua yako nimeipata leo. Nadhiri niliweka Jumapili. Waliimba vizuri sana, na mimi nikasema ndiyo, maana neno lako lilikuwa halijafika.
Nadhiri hii ya kwanza ni ya mwaka mumoja. Papa, usifukie lile shimo.
Mutoto wako, Reine