Nimesema Sijui

Jumatatu, 6 Septemba 1999

Chaki, kikohozi, mvua. Kipindi cha tatu Kiingereza tena. Darasa la sita wamekaa wima kama wako kanisani. Nikaandika ubaoni sentensi ya kitabuni: The teacher's goat was carefully tied by the children. Wakaisoma kwa sauti mpaka kengele ikalia. Hakuna aliyeuliza kitu. Nashukuru.

Mbuzi wa mwalimu alifungwa kwa uangalifu na watoto. Kwa Kiswahili umemaliza. Mbuzi mbele, mwenye mbuzi nyuma yake, amefungwa, kisha unasema amefungwaje. Kiingereza kinamtanguliza mwenyewe, kinamtundikia kidoti na herufi ya s, halafu ule uangalifu kinauchomeka huko ndani ya kitenzi. Kwa nini, sijui. Ukurasa unaoeleza umechanwa. Naona kuna mtu aliufungia karanga.

Jumatano, 8 Septemba

Direkta, mkuu wetu wa shule, ametukusanya saa ya mapumziko. Mwenye shule amerudi kutoka Kampala, anataka shule yake iwe ya Kiingereza. Atakuja mwenyewe kumsikiliza kila mwalimu. Asiyeweza, aage. Walimu wa Kifaransa wakatazama sakafu, kisha wote wakanigeukia mimi.

Mimi wa Tanzania, mtoto wa wakimbizi wa Rwanda aliyerudi kwao. Nimesoma Karagwe kwa Kiswahili, kuanzia la kwanza mpaka chuo cha ualimu. Nimefundisha jiografia kwa Kiswahili. Kiingereza changu ni cha kusalimia na kuomba ruhusa ya kutoka nje. Lakini hapa Gisenyi, aliyerudi kutoka upande ule, awe ametoka Kampala au Karagwe, wanaona ni yule yule, amenyonya Kiingereza kwa mama. Siku niliyofika hawakuniuliza. Walinipa ratiba tu.

Alhamisi, 9 Septemba

Nimekwenda ofisini. Nimemwambia Direkta kwa Kinyarwanda, asije akasema hakuelewa: Kiingereza sikijui. Akacheka, akanipiga begani. Akasema mtu aliyelelewa vizuri utamjua tu.

Nimechoka na adabu ya watu hawa, na ni watu wangu. Huku anayejua hasemi anajua. Seremala anakuambia yeye anababaisha tu, halafu anakutengenezea mlango usiopitisha hata upepo. Wale wa kwaya, mwenye sauti kuliko wote ndiye anayesema hana sauti. Basi nikisema sijui, wao wanasikia najua mno. Nikisema najua, nimedanganya na juu yake nimejivuna. Nipite wapi?

Mama Neema, mke wangu, anasema ninyamaze nifanye kazi. Yeye hana shida. Anauza mandazi, na andazi linajionyesha lenyewe.

Jumamosi, 11 Septemba

Amekuja Madamu Spesioza. Anafundisha Kifaransa na hesabu darasa la tano, tangu mimi bado nachunga ng'ombe Karagwe. Mjane. Anatembea kila siku kutoka Rugerero. Binti zake wawili wanasoma pale pale shuleni bila karo kwa sababu mama yao ni mwalimu. Akitoka yeye, nao wametoka. Hakulisema hilo. Kila mtu analijua.

"Mwalimu, mi naomba unifundishe hii Kiingereza. Mi iko muzee, lakini kichwa ingali inafanya kazi."

Nikamwambia sijui Kiingereza.

"Bon," akasema, kama vile nimekubali. "Donc tunaanza siku gani?"

Nikasema Jumanne. Sijui ni nani aliyesema kwa mdomo wangu.

Jumanne, 14 Septemba

Somo la kwanza, baada ya saa za kazi. Nilimpa ile ya mbuzi, ndiyo pekee ninayoiamini. Akaiandika kwa mwandiko mzuri wa walimu wa zamani. Akauliza hili neno la uangalifu huwa linakaa wapi. Nikatazama sentensi. Nikaona liko katikati. Nikasema katikati.

Katikati ya nini? Nikasema ya sentensi.

Ni mtu wa hesabu. Akahesabu kwa vidole: maneno manne huku, manne kule, neno lenyewe katikati kabisa. Uso ukamng'aa. Akasema Kifaransa hakina mpango safi namna hii. Na kweli nilipohesabu mimi, manne na manne. Hata mimi nilifurahi. Nilitembea mpaka nyumbani nikijiona mwalimu.

Ijumaa, 17 Septemba

Sasa anatunga zake mwenyewe. Anahesabu vidole chini ya kitenge, anatoa sentensi. Leo ametoa hii: The door of my slowly brother's house was closed. Alitaka kusema mlango ulifungwa polepole. Ile polepole imemwangukia kaka yake. Mimi na ujinga wangu wote niliposikia, sikio liligoma.

Nikamwambia labda si katikati. Labda nilibahatisha. Akanitazama kwa macho ya mwalimu mwenzangu, akatabasamu. Akasema na yeye huwa anawatega wanafunzi hivyo hivyo, aone kama wameshika kweli. Akasema yeye ameshika.

Naogopa.

Jumapili, 19 Septemba

Baada ya misa nimevuka mpaka kwenda Goma, Kongo, kutafuta kitabu. Vitabu vimetandazwa barabarani juu ya turubai. Vya Kifaransa tele. Katekisimu. Cha Kiingereza kimoja tu, cha kutengeneza pikipiki. Nimekinunua. Nimekisoma chote njiani na nyumbani, nikitafuta sentensi ya kufungwa kama ile ya mbuzi. Kila mahali kinaamuru tu. Fungua hiki, kaza kile. Nimekitupa chini ya kitanda. Mama Neema amecheka mpaka akashika ubavu, nami nikakasirika, kisha nikaona haya.

Jumatatu, 20 Septemba

Mwenye shule anakuja kesho. Madamu ametulia. Anasema ana mwalimu.

Jumanne, 21 Septemba

Mwenye shule ni mtu mrefu, mpole, suti ya kijivu. Si mbaya. Ningependa awe mbaya.

Alianza na mimi. Kiingereza chake kinapita upesi, sikushika hata mkia. Nikainamisha kichwa, nikasema kwa Kiingereza najaribu tu, bwana. Maneno hayo ninayo. Akamgeukia Direkta, akamwambia kwa Kinyarwanda kwamba huyu anajua na haoni haja ya kujionyesha. Wote wakaitikia kwa vichwa.

Kisha Madamu. Alimwuliza jambo dogo, nadhani juu ya nyumbani kwake. Akasimama. Vidole vikaanza kuhesabu. Chumba kizima kinatazama vidole vyake. Akahesabu, akarudia kuhesabu, akasema ile ya mlango na kaka. Kwa sauti safi, bila woga. Mwenye shule akamwomba arudie. Akahesabu tena, akarudia vile vile. Mwalimu mmoja kijana akacheka, akajifanya anakohoa.

Direkta akamnong'oneza mwenye shule kwamba Madamu anafundishwa na mimi. Mwenye shule akamwambia kwa upole: Madamu, umepata mwalimu wa namna hii na bado haikuingia?

Nikasimama. Nikasema mbele ya wote: ni mimi niliyemfundisha hivyo, kosa ni langu, Kiingereza mimi sikijui. Kinyarwanda safi kabisa, mtoto angeelewa.

Mwenye shule akanishika mkono, mikono yake yote miwili. Akasema ni nadra kumwona mtu anayejitwika kosa la mwenzake. Direkta alikuwa na machozi, mpumbavu yule. Madamu alinitazama kwa shukrani. Nilitaka kupiga kelele. Nikakaa.

Jumatano, 22 Septemba

Jina la Madamu limeondolewa kwenye ratiba. Darasa la tano nimepewa mimi. Watoto waliniuliza Madamu yuko wapi. Binti zake hawakuja.

Ijumaa, 24 Septemba

Hakuna la kuandika. Najichukia. Nafundisha.

Jumamosi, 25 Septemba

Madamu alikuja asubuhi, amevaa kitenge chake cha misa. Nilidhani amekuja kunitukana na nilikuwa tayari. Nilitaka hasa. Amekuja kuomba radhi. Anasema ameniaibisha mbele ya patron, yaani mwenye shule.

Nikamketisha. Nikamweleza yote toka mwanzo, taratibu, bila kuruka. Karagwe na Kiswahili chake. Ukurasa uliochanwa. Lile katikati, kwamba nilisema kwa kutazama tu, na lingeweza kuwa popote. Nikamwambia nimemfukuzisha kazi. Nimewatoa watoto wake shule. Nikalia, naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Alinisikiliza mikono mapajani.

"We mwalimu, we iko na roho muzuri sana. Unajitupia kosa juu mi nisilie." Akanigusa goti. "Haiko kosa yako. Iko kichwa yangu. Imezeeka."

Nikasema hapana. Akasema basi, tuache. Kama mama anavyomwambia mtoto.

Jumatatu ataanza kuuza vitunguu sokoni Mahoko na mdogo wake. Wasichana watamsaidia kubeba. Lakini amesikia kuna shule nyingine Ruhengeri, nao wanataka walimu wa Kiingereza, na yeye hakati tamaa. Anaomba tuendelee kila Jumamosi.

Mama Neema alileta chai. Tukanywa. Madamu akauliza leo tunaanzia wapi. Nikamwambia sijui. Akatabasamu, akafungua daftari, akangoja.