Milimita Sitini

Jumanne, 11 Machi

Mdogo wangu,

Nianze na kilichopotea, salamu zifuate nyuma. Jumamosi tarehe nane, saa nne na nusu asubuhi, Bibi Harusi, pikapu yetu, aliteremka mlima wa machimbo bila breki akajibamiza kwenye ukingo wa udongo. Baba ndiye alikuwa kwenye usukani. Ni mzima, kifua tu kimechubuka. Rafiki yake, fundi saa, alikuwa kiti cha pembeni, na upande wa pembeni ndio uliogonga. Mkono wake wa kulia, aliojikinga nao, umevunjika mahali pawili, kwenye kifundo na kwenye vidole. Mkono wa kulia wa fundi saa. Nakuomba uisome tena sentensi hiyo kabla hujaendelea.

Sasa salamu. Hujambo? Kambini mnaendeleaje, na kile kikohozi cha vumbi la barabara kimekuacha? Mimi sijambo, mgongo tu, maana tangu jana nimelala chini ya gari. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unaanza utani, nami nikishacheka nasahau nilichopigia. Dereva wa lori la mafuta ameahidi kukupa barua hii mkononi.

Gari tulilivuta kwa trekta mpaka uani. Jirani muuza mkaa, yule aliyembandika jina la Bibi Harusi kwa sababu tulimpamba miaka mitano bila kumtoa nje, safari hii hakutania. Alisimama getini akavua kofia kama kwenye msiba.

Nimefungua matairi yote manne. Breki za mbele zimeungua hadi chuma kimegeuka bluu. Za nyuma ni kama mpya. Viatu vyake vya breki bado vina rangi ya dukani pembezoni. Maana yake mbele zilibeba kazi yote mlima mzima, zikapata moto, zikaacha kushika.

Unaijua ile valvu ya nyuma, yenye fimbo inayoteremka mpaka kwenye ekseli. Gari likipakiwa, bodi linashuka, fimbo inasukumwa, na valvu inaziachia breki za nyuma zishike kwa nguvu. Gari likiwa tupu inazibana, matairi yasiburuzike. Tulipoinua springi ili gari lipite mawe na madimbwi, ilikuwa lazima kibao cha chuma kinachoishika ile fimbo nacho kihamishwe. Kazi hiyo ilikuwa yako. Uliifanya siku uliyoondoka, begi likiwa tayari mlangoni. Nimepima. Kibao kimekosea kwa milimita sitini. Baba alikuwa na kilo mia tisa za mawe kwenye bodi, na gari likajiona karibu tupu.

Mimi sikusoma chuo. Ufundi nimeuokota kwa kuungua vidole, na geti la kwanza nililolichomelea liliangukia mbuzi wa watu. Lakini tangu siku hiyo sijawahi kufanya kazi ya vyuma huku natazama saa ya basi.

Na baba haulizi chochote. Ameshajihukumu. "Mguu ulichelewa," anasema. "Uzee umenifikia kwenye mguu." Asubuhi anakaa kwenye kiti cha mbao, amevaa viatu vyake vya safari, tofali limewekwa mbele ya mguu wa kulia. Anajiambia "sasa!" na kulikanyaga. "Sasa!" na kulikanyaga. Mtu aliyeendesha malori miaka arobaini bila kugonga hata kuku, anajipima mguu kwa tofali.

Nataka maelezo yako.

Dada yako


Jumatatu, 17 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa, na kwamba hujaanza tena kulala chini ya gari bila kutandika gunia. Mimi afya ipo. Kikohozi kipo pia, tumezoeana.

Barua yako niliisomea chini ya tingatinga, mahali pekee hapa kambini ambapo mtu hakuoni uso. Fundi mkuu akainama akaniuliza, "Wewe, umefiwa?" Nikamwambia bado sijajua.

Sitatania, ingawa unajua kwangu ni kama kuambiwa nisipumue.

Kibao ni changu. Nilikikata mimi, nikakichomelea mimi. Lakini milimita sitini, dada! Mimi ni mzembe wa kuchana nywele, mzembe wa kurudisha vitu vya watu, lakini kwenye kipimo hapana. Aliyenifundisha kupima ni wewe, kwa kunigonga kichwani na rula ya chuma. Siku ile nilipima kutoka chesisi mpaka ekseli, nikapima tena, vikalingana. Nilipima kama gari lilivyokaa.

Kama gari lilivyokaa. Tangu juzi maneno hayo yananifuata hadi mezani. Bodi la nyuma siku ile lilikuwa na nini?

Siulizi ili nijichomoe. Hata kama lilikuwa limebeba tembo, mwenye mkanda mkononi nilikuwa mimi, na macho ninayo. Nauliza kwa sababu nimejaribu kukumbuka, na ninachokumbuka ni uso wako tu. Ulikuwa umekasirika.

Mpe baba salamu, lakini kuhusu kibao usimwambie kwanza. Fundi saa mwambie... nimeandika nikafuta mara nne. Mwambie namsalimu.

Mdogo wako


Alhamisi, 20 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika. Wa hapa wote tunakula na kulala, ila hakuna anayeshiba wala anayelala vizuri.

Uliniuliza swali, nami nimelijibu kwa mikono, maana kichwa changu kilikuwa kinakataa. Gari limeumia mbele. Nyuma limekaa sawa, springi nzima. Kwa hiyo jana nimerudisha kwenye bodi kila kitu kilichokuwamo siku ile. Injini ya zamani, kilo mia mbili na kumi. Mashine yangu ya kuchomelea, tisini na tano. Giaboksi mbili, hamsini kila moja. Vyuma vya mageti ya wateja, mia mbili tisini na tano. Jumla mia saba. Hatuna stoo, unajua, na miaka yote mitano stoo yetu ilikuwa ni yeye Bibi Harusi mwenyewe. Tulimjenga huku tumemtwisha vyombo vyetu.

Nikapima. Nyuma limeshuka milimita sitini. Nikashusha vitu, nikapakia upya, nikapima tena huku naomba mkanda unidanganye. Sitini.

Wewe ulipima gari lililolemewa ukidhani ni tupu. Ndiyo maana kilo mia tisa za baba, kwa hesabu ya ile valvu, zilikuwa mia mbili. Watoto wa shule watatu wanene na mikoba yao.

Na sasa nikuambie usichokumbuka, kwa sababu mimi nakikumbuka neno kwa neno. Uliniomba. Ulisema, "Dada, nisaidie tushushe haya mavyuma nipime vizuri." Nami nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nakunywa chai, nikakujibu, "Pima hivyohivyo. Anayekimbia ndiye ana haraka, mimi sishushi kitu." Nilijua springi inalala chini ya mzigo, hata mtoto anajua. Lakini ulikuwa unaondoka, unaniachia mzee, ua wetu na gari bovu, na nilitaka jambo moja tu likushinde kabla hujapanda basi.

Halikukushinda. Ulilimaliza vilevile, ukanibusu paji la uso, ukaenda.

Kuna lingine. Jumapili nilikwenda kumwona fundi saa. Mkono umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko, lakini jicho lake unalijua, limezoea vitu vidogo. Akaniambia, "Baba yako alikanyaga breki tangu kona ya kwanza. Niliona goti lake linatetemeka kwa nguvu. Mguu ule haukuchelewa hata kidogo." Nikakimbia nyumbani kama mwenye dawa. Baba akanisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu. "Huyo ananisitiri," akasema. "Ni rafiki, ungetaka aseme nini?" Kisha akaenda kufungua kibanda cha mwenzake. Kila siku anakwenda kukifungua, anafuta kioo cha kaunta, anakaa. Wateja wakija anawaambia fundi yuko njiani.

Ushahidi wa rafiki baba haukubali. Wetu atauamini, maana hautupi faida yoyote. Niandikie haraka, tumwambie pamoja.

Dada yako


Jumatatu, 7 Aprili

Dada,

Shikamoo, na nisamehe kwa ukimya. Dereva wa lori la mafuta amepita hapa mara mbili, na mara zote mbili nilijifanya nina kazi upande wa pili wa kambi. Hali yangu si mbaya. Nimekonda kidogo, mpishi anadhani nimeudharau mkono wake.

Nimekagua valvu za magari yote ya kambi. Hakuna aliyenituma. Fundi mkuu anasema nimepata wazimu wenye faida.

Kuhusu siku ile, usijibebeshe. Ungekataa mara mia, bado ningeweza kushusha vile vyuma peke yangu. Nilikuwa na mikono miwili. Nilichokosa ni dakika ishirini, na hizo dakika nilizitumia kuaga mtaani, nasifiwa.

Lakini nisikilize kuhusu baba. Ana miaka sabini na moja. Tumebishana naye mara ngapi aache usukani? Ulimficha funguo, akaliwasha gari kwa nyaya. Sasa ameacha mwenyewe. Tukimwambia mguu wake ni mzima, kesho yake ataomba gari la mtu, na kesho kutwa yuko mlimani. Je, safari hiyo kama mguu utachelewa kweli?

Naona afadhali abaki na kosa lisilo lake, ila abaki nasi. Mimi na wewe tulibebe hili kimya, tumtunze fundi saa kwa namna zote. Najua linavyosikika. Nimelisoma kwa sauti nikaona aibu, lakini nimeliacha.

Mdogo wako


Jumatano, 9 Aprili

Mdogo wangu,

Nimepokea barua yako jana jioni. Nashukuru kwa kuwa u mzima, na mwambie mpishi nitamtumia pole yake. Nyumbani hapa afya ya miili ni nzuri. Zaidi ya hapo soma mwenyewe.

Plasta ya fundi saa ilitolewa Ijumaa. Kifundo kimepona. Vidole viwili, gumba na cha shahada, havikutani. Alijaribu kibano chake mbele yangu, kikaanguka. Akakiokota kwa mkono wa kushoto, akakirudisha kwenye kijaluba, akaniuliza kama mvua itanyesha. Mkewe alitoka nje.

Watoto wao wakubwa wamekuja. Yule wa kwanza hasalimiani na baba. Wameitisha kikao Jumapili hii saa nne asubuhi, sebuleni kwao, na baba amekubali kwenda kuomba msamaha mbele ya watu wote. Anaufanyia mazoezi. Leo alikuwa ananyoa ndevu, mlango wazi, anakiambia kioo: "Nilikuwa dereva. Mguu wangu ulichelewa. Nimemharibia mwenzangu kazi kwa kiburi cha uzee." Akasimama, akaona neno "kiburi" halitoshi, akaanza upya. Nilikuwa nimebeba ndoo ya maji. Niliishika mpaka mkono ukafa ganzi.

Unasema afadhali abaki nasi. Nami nitakuambia jambo ambalo nisingemwambia mwingine. Siku zile mbili za kwanza, kabla ya kufungua matairi, nilipomsikia anasema hataendesha tena, nilipata nafuu. Baba yuko kwenye kiti amejifunga bandeji kifuani, na binti yake moyoni anasema heri. Kwa hiyo usidhani wewe ndiye mbaya peke yako katika familia hii. Nimekutangulia.

Lakini tazama tulichokipata kwa nafuu hiyo. Uliandika abaki nasi. Hayuko nasi. Mtu aliye nasi angeshanigombeza mara tatu leo kwa kuacha grainda juani. Anapita pembeni ya ukuta, anauliza kama anaweza kuchukua chumvi. Nyumbani kwake, chumvi! Na watu watakaokaa sebuleni Jumapili watamwamini, kwa sababu mzee akisema amezeeka hakuna anayebisha. Watoto wa fundi saa watamchukia kwa uhalali wote, baba naye ataona haki imetendeka, na atakufa hivyo.

Kama atadai usukani, tutabishana naye. Tutamwambia wewe ni mzee, hatutaki. Hilo ni neno letu na ni la kweli. Ila hatuna ruhusa ya kumwambia usiendeshe kwa kumwachia alibebe kosa letu.

Nimefikiria kumwambia peke yangu. Naweza. Nitashika kibao mkono mmoja na mkanda mkono mwingine, niseme ni mimi niliyekataa kushusha vyuma. Lakini nikisema mimi peke yangu, baba atafanya kilekile alichomfanyia fundi saa. Atatabasamu. Atasema binti yangu ananisitiri. Tukisimama wawili, mpimaji na mkataaji, kila mmoja na kipande chake, hataweza kututabasamia wote.

Basi la usiku wa Jumamosi linafika hapa saa kumi na mbili asubuhi. Kikao ni saa nne. Kuna saa nne katikati, zinatosha kumkalisha baba mezani, kisha tukaende naye kwa fundi saa tukasimame sisi, yeye akae.

Sitaki barua nyingine. Sitaki kusikia valvu ngapi umekagua, wala kwamba ulikuwa upande wa pili wa kambi. Panda kile kilima chenye mtandao, piga namba yangu kabla ya saa kumi na mbili jioni ya Ijumaa, sema neno moja na ukate.

Unakuja, au huji?

Dada yako