Maneno ya Kwenye Maboksi

Baba Salma, mume wangu,

Amani iwe juu yako huko uliko. Leo ndiyo siku ya mtihani wetu wa Kiingereza. Wenzangu wameshaingia ukumbini Dar es Salaam. Mimi nipo hapa Utemini, Singida, nimekaa mkekani na nguo za eda.

Tulisema "mtihani wetu" ingawa wa kwenda kusomea uuguzi nje nilikuwa mimi. Ruksa ya serikali ya kuagiza vitu nje ilipojaza duka lako bidhaa za ng'ambo, ukawa unakata maandishi ya Kiingereza kwenye maboksi na kunibandikia ukutani jikoni. "Kumi kwa siku, Mama Salma, kama dozi." Nikajua kusema tikisa kabla ya kutumia, weka mahali pakavu, usipange mzigo juu yake. Kitabu cha mtihani kilipofika tukakuta wanauliza mtu anajisikiaje, nami sina hata neno moja! Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Majuto hayaji kwenye boksi," ulisema, tukaanza upya na kamusi. Tulikuwa herufi M ulipougua. Siku nne tu, ukaniacha.

Mama yako alikwenda mwenyewe kuniulizia kwa shehe. Jibu lilikuwa la huruma: mjane hutoka mchana akiwa na dharura, ila usiku umkute nyumbani kwa mumewe. Sasa nani aende Dar na kurudi Singida kabla ya magharibi? Na chuo kimeandika kwamba nisipofanya leo, nafasi anapewa mwingine.

Sina hata wa kumkasirikia. Mama yako hanifungii mlango. Ananipikia uji wa uwele, anakaa kizingitini, tunalia wote. Ningepata mkorofi ningegombana naye nikapumua.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilihesabu siku za eda kwa vidole, nikajikuta nikitamani ungekufa mwezi mmoja mapema, ningewahi. Wewe niliyekuogesha kwa mikono yangu! Nisamehe, Baba Salma. Nakupenda, na bado nilihesabu.

Lala salama. Eda nitaimaliza yote, kwa ajili yako. Kisha najiandikisha tena, chuo chochote kitakachonipokea. Na kaka yako, aliyeanza kuleta nyama na habari za kunirithi, nakuahidi nitamjibu kwa Kiingereza cha maboksi: usipange mzigo juu yake.

Mkeo,
Mama Salma