Mgeni wa kwanza wa Mama Agata

Jumapili, Mapera

Leo Padre kahubiri habari za tajiri na Lazaro, nami muda wote nikawa nawawaza wenye malori ya makaa ya mawe yanayopita hapa kijijini.

Baada ya misa Mama Agata, jirani yangu, alinialika chakula. Akamwita na mzee anayeombaomba getini pa kanisa, akamnawisha mikono na kumpakulia ugali na usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, kabla yangu. Mimi, mwalimu, nikangoja. Nilikereka, nakiri.

"Huko mbinguni yeye ndiye atakayetupokea, Mwalimu," alisema taratibu. "Nataka aikumbuke sura yangu."

Mjane huyu, mwenye miche michache tu ya kahawa.

Yule mzee anaitwa Fidelisi. Miaka mitatu nampita pale getini, jina lake nimelisikia leo.