Mkalimani wa Mama Ingegerd

Nyamirambo, Kigali
2 Machi 1994

Kwako dada yangu Shakira,

Salamu za Ramadhani zikukute hapo Ngara ukiwa mzima, wewe, shemeji na watoto. Funga yenu inaendaje? Mama bado yuko kitandani, ila jana kamaliza uji wote na kunigombeza kwa ajili ya ndevu zangu. Kwa hiyo hajambo.

Kazi ya ukalimani kwa yule mwalimu Mswidi, Mama Ingegerd, ninayo bado. Kwao mkalimani huitwa tolk. Juzi tukiwa garini alinieleza kwamba neno hilo asili yake si Uswidi: lilianza kwa Waslavi huko mashariki, likapita kwa Wajerumani wa kaskazini pamoja na wafanyabiashara, ndipo likafika kwao. Nikamwambia basi ni kama babu yetu aliyekuja na misafara ya pwani. Akacheka, akasema tofauti ni kwamba neno halisimamishwi njiani likaulizwa kabila.

Hatukwenda mbali tukasimamishwa. Ni bariyeri, kizuizi cha barabarani cha wale vijana wenye marungu wanaowasaka Watutsi. Nyuma alikaa Kabagwira wa Gahanga, fundi cherehani anayemshonea mama huyo. Kitambulisho chake kinasema Mtutsi. Alikuwa amekificha kiatuni, akasema amekisahau nyumbani. Mkubwa wao akataka mzungu aseme huyu mwanamke ni nani. Mama Ingegerd, asiyejua uongo, akaeleza kwa Kifaransa kwamba ni fundi wake na wazazi wake ni wakimbizi Uganda. Maneno hayo yangetosha kumuua, ila vijana walikuwa hawaelewi Kifaransa, wakanigeukia mimi. Nikawaambia kwa Kinyarwanda kwamba mzungu anasema huyu ni mke wangu.

Wakatupisha. Lakini yule mkubwa akasema atakuja Idi kula pilau ya shemeji, na kitambulisho akione. Nyumba yetu anaijua.

Kesho yake Mama Ingegerd akasema tu gari lake na dereva viko tayari kumpeleka Kabagwira hadi Rusumo mpakani, na kumvusha mpaka kwako.

Kwa hiyo anayekukabidhi barua hii ndiye yeye. Mpokee, mlaze na wanao, usimruhusu arudi hata akiililia cherehani yake. Mimi siwezi kumwacha mama yetu kitandani.

Sasa lililo moyoni. Kabagwira anaamini nilidanganya ili kumwokoa, basi. Kumbe nilipotamka "mke wangu" mbele ya marungu yale, nilisema ninachokitaka tangu aliponishonea kanzu ya Idi mwaka jana. Kumwambia nimeogopa. Kiswahili chake ni cha sokoni, barua hii hawezi kuisoma. Msomee wewe kwa Kinyarwanda, sasa hivi akiwa mbele yako, usiongeze wala usipunguze. Dereva anarudi kesho. Jibu lake umpe yeye, hata likiwa hapana.

Mama anakuombea dua, na watoto uwabusu.

Mdogo wako,
Maneno