Ini Ambalo Kimani Alilikata Mwenyewe

Baba,

Ini la Kimani ni safi! Najua nimeanzia mwisho, lakini Mama anaimba tangu asubuhi na mimi siwezi kungoja. Kifungua mimba wako atapona.

Unakumbuka ulivyochinja mbuzi kila Krismasi? Ulitandaza matumbo kwenye gunia safi, ukafuata mishipa kwa ncha ya kisu mpaka kwenye ini. "Damu ya matumbo lazima ipitie hapa kwanza," ulituambia. Hakuna aliyeonja supu kabla hujakagua ini. Ulijua hayo yote, halafu ulipoona damu yako chooni ukanyamaza, kwa sababu mzee hazungumzi mambo ya choo mbele ya watoto. Tulipokufikisha hospitali, saratani ilikuwa imefuata njia ile ile. Nilikukasirikia, Baba. Hata sasa, kidogo.

Tangu tukuzike hakuna aliyetaka kugusa ini la mbuzi. Lilienda kwa mbwa, akanenepa kama chifu.

Kisha damu ikamtokea Kimani. Mtoto wa nyoka ni nyoka, samahani, naye akaficha. Mke wake ndiye aliyeniambia. Nilimkuta zizini akikamua, akanijibu bila kugeuka, "Ni piles tu, bawasiri za kawaida, wachana na mimi." Nikamuuliza, "Unangoja ifike kwa ini kama ya Baba?" Akaacha kukamua. Akaiondoa ndoo katikati ya magoti, akaenda kutafuta koti la kwendea hospitali.

Walimkata kipande cha utumbo mpana. Siku ya kuonyeshwa picha za ini, Mama alisali kwa sauti hadi askari wa mlangoni akaitikia amina. Saratani haikuwa imefika. Tuliiwahi, Baba, tuliiwahi!

Jana tulichinja. Kimani alishika kisu chako, akafuata mishipa, akaligeuza ini, akalikata na kumpa kila mtu kipande. Akawaambia watoto wake, "Mkiona damu chooni, semeni. Hata kama pasta amekuja chai." Mama alicheka mpaka machozi. Mbwa alikosa.

Kesho naingia Nakuru kupimwa mimi pia, maana mimi ni damu yako. Naogopa, lakini nitaenda, na majibu nitayasema mezani, watoto wakisikia. Nakuahidi.

Lala salama, Baba. Kipande chako cha ini nilikila mimi.

Wambui wako