Fundi Athumani, Sasa Nalaza Mihuri ya Protini

Fundi wangu,

Nakusalimu huko uliko, ambako naamini hakuna malori wala vumbi la Kipevu. Mimi mzima, alhamdulillahi. Mkeo, Bi Mwanaidi, naye mzima, ila bado ashikilia kwamba ulikufa kwa ubishi, si kwa figo.

Kibanda chetu cha kuchonga mihuri nimekifunga. Usinune. Tangu uondoke, mawakala wa forodha wamalizia kazi zao kwenye kompyuta, na kompyuta haiombi muhuri. Nilikuwa nikikaa pale Chaani nikinoa kisu, nikikitazama, nikikinoa tena.

Ndipo akaja Daktari Nasra, mtafiti wa maabara moja ya Kisauni. Akaniuliza kama naweza kuchonga muhuri wenye mistari myembamba kuliko unywele. Nikamjibu naweza. Si ndivyo ulivyonifunza? "Sema naweza kwanza, kisha uliza ni kitu gani." Sikuweza. Kwa kazi ile, kisu changu kilikuwa jembe. Lakini alinitazama nikimpigia mteja mmoja muhuri karatasini, akaupenda wepesi wa mkono wangu, akaniita nijaribiwe. Nikifaa nibaki, nisipofaa nirudi kwenye kibanda kisicho na wateja. Cheti sina, nawe wajua. Nilisomea kwenye kigoda chako.

Mihuri yao huimimina kwenye kalibu. Ni mpira laini, ungedhani kipande cha jeli. Wino wake ni protini. Waupaka muhuri wino huo, waukausha, wauweka muhuri juu ya kioo, wauinua. Huoni kitu, Fundi! Kisha pale palipobaki wazi wapapaka dawa isiyonatwa na kitu, halafu wamwaga seli hai. Seli ni kama wageni wa arusi, hukaa penye mkeka tu, na mkeka wenyewe ni ile protini. Hivyo wataalamu huzitazama zinavyoishi. Wataka pia kioo cha namna hiyo kije kinase dalili za maradhi kwenye tone la damu, mapema, kabla mtu hajavimba miguu kama ulivyovimba wewe. Hapo huwa naacha mzaha.

Siku ya kwanza niliharibu. Si wajua desturi yetu, muhuri mpya hupigwa kwanza kwenye mkono wa fundi? Basi nami nikauchukua wao, umekwisha tiwa protini, nikaubandika hapa kwenye kifundo cha mkono.

"Ya Rabi! Kaka Omari, umeshauua huo!" Daktari akamaka.

Mafuta ya ngozi yangu yote yameuingia. Nikasikia kibanda kikiniita. Lakini Daktari akacheka mpaka akaketi, akanivisha glavu, akanipa mwingine.

Huo nao nikaukandamiza mno. Ukabonyea, mistari ikaungana. Akanipa wa tatu, safari hii bila kucheka. Nikakukumbuka ukimfokea yule karani aliyepiga muhuri kama auaye mende: "Ewe bwana, muhuri hauchapwi, hulazwa!"

Nikaulaza. Nikauacha upumue. Nikauinua.

Kesho yake Daktari akaniita kwenye darubini. Seli zimejipanga safu kwa safu, kama waumini Ijumaa. Machozi yakanitoka, Fundi... nikasingizia taa ya darubini.

Nimebaki. Mkono huu ulioufunza una kazi, na asante yake ni yako. Nilipokuwa nawe sikuisema vizuri. Nilidhani kukuletea mahamri asubuhi kwatosha.

Juzi walikuja wageni wakubwa, wamevaa tai kwenye joto hili. Mmoja akaniuliza nimesomea wapi. Nikaona Daktari Nasra amenikazia macho. Nikasema, "Chaani, kwa Fundi Athumani." Akaitikia kwa heshima zote, akauliza kama chuo hicho bado chapokea wanafunzi. Nikamwambia hapana, mwalimu mkuu amepumzika.

Basi pumzika, Fundi. Mola akupanulie hapo ulipo. Nakuahidi, kila atakayeniuliza nitamjibu hivyo hivyo, na sitaongeza neno.

Mwanafunzi wako,
Omari